Finjani Iliyofunikwa kwa Kisahani

"Leo kahawa haipikwi humu ndani," alisema Ghalib, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko kama mtu aliyeitwa kuja kuzima moto. "Wakija wale watu watapewa chai. Chai ya majani ya maramia, sukari tele, na biskuti pembeni. Kahawa hapana."

Ibtihaj, mkewe, alikuwa akichambua dengu. Aliinua kichwa. "Chai kwa washenga, Abu Sakhr? Watu watasema tumefilisika."

"Waseme."

"Watu wanakuja kuposa, wewe unawapa chai?"

"Ndiyo maana nawapa chai," alisema Ghalib, na masharubu yake yakacheza kidogo, kama ya paka aliyekwisha kumla kuku wa jirani. "Mzee wao ataweka finjani chini aseme, hatunywi kahawa yako mpaka utupe tulichokijia. Nikikataa hapo, mji mzima wa As-Salt utasema nimewatoa wazee nyumbani kwangu na kiu yao. Haya, niambie, bila finjani wataweka nini chini? Viatu?"

Dada yake, Wijdan, alikuwa amewapa mgongo, akisuuza bilauri. Maji ya bomba yalikuwa ya baridi ya kukata, na mikono yake ilikuwa imekwisha kuwa myekundu. Hakugeuka.

"Nawe umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Ndege yako ni Jumamosi. Mazin keshakata tiketi, na watoto wake wanakungoja. Humtupi ndugu yako wa damu kwa ajili ya fundi majiko anayenuka mafuta ya taa."

"Nimesikia, kaka," alisema tena, kwa sauti ile ile. Maneno hayo mawili ndiyo aliyoyajua vizuri kuliko yote, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwomba mengine.

Wijdan alikuwa amevuka arubaini. Wenzake walipokuwa wakipakwa hina, yeye alikuwa akimgeuza mama yake kitandani, kulia na kushoto, asipate vidonda. Mama alipofariki, ndugu walikaa kitako kugawana. Waligawana mazulia, wakagawana mizeituni, na mwisho wa kugawana akabaki Wijdan, kama lile sufuria kubwa ambalo kila mtu analipenda lakini hana pa kuliweka. Mazin, mdogo wao aliyeko Marekani, akasema kwenye simu kwamba yeye atamchukua. Mkewe anafanya kazi, watoto wanataka mtu.

Sasa huko Marekani mtu hawezi kununua hata kitunguu kwa Kiarabu. Ndipo Ghalib, kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka dada yake darasa la Kiingereza cha wanaoanza, chumba cha juu ya duka la dawa. Mkumbukeni vizuri aliyempeleka. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mwalimu alikuwa msichana mbichi wa chuo kikuu, jina lake Tamadhur, na sheria yake ilikuwa moja: Kiarabu kinaachwa mlangoni pamoja na miavuli. Kila somo lilisomwa na watu wawili wawili. Vijana walinyakuana siku ya kwanza. Wakabaki wawili kwenye benchi la nyuma, kama mikate ya jioni isiyopata mnunuzi: Wijdan, na Nawaf fundi majiko, mjane, ambaye mji ulimwita Abu Rula kwa jina la binti yake, kwa kuwa mtoto wa kiume hakupata.

Kitabu kilikuwa na mume na mke, Bwana na Bibi Parker. Lakini mdomo wa Mwarabu na herufi P havielewani, kwa hiyo darasani wakawa Bwana na Bibi Barka, na baraka ikaingia humo humo. Somo la salamu, Abu Rula alisoma, "Asubuhi njema, mpenzi," macho yameganda kwenye dari, masikio mekundu kama komamanga lililopasuka. Tangu hapo walikuwa mume na mke kila Jumatatu na Jumatano. Walikwenda stesheni, wakapoteza begi. Walilala hoteli ambayo dirisha lake lilivuja, wakalalamika. Walirudisha supu iliyopoa. Walikuwa na bustani, na mbwa, na shangazi mgonjwa wa kwenda kumtazama.

Na wakikutana barabarani, mbele ya duka la mikate, Abu Rula alitoa salamu huku ameinamisha macho, utadhani anavisalimia viatu vyake Wijdan. Wijdan aliitikia, akapita. Kwa Kiarabu hawakuwahi kuvuka hapo.

Ila Kiingereza kile kidogo kina ubaya wake. Mtu mwenye lugha yake ana pa kujificha. Ana methali, ana mzaha, ana dua ya kufunikia donda. Mtu mwenye maneno machache hana hata pazia. Siku ya somo la familia, Abu Rula aliulizwa, akajibu kwa yale aliyokuwa nayo: "Nina binti mmoja. Anakaa Australia. Wajukuu wangu hawajui Kiarabu. Kila Ijumaa wanapiga simu. Tunasema, habari, nzuri. Halafu tunanyamaza. Nyumba yangu ni kimya."

Zamu ikaja kwa Wijdan. "Nyumba yangu imejaa watu," alisema. "Niko peke yangu."

"Hapana, shangazi," Tamadhur alimsahihisha kwa upole. "Nyumba ikiwa imejaa, hauko peke yako. Tafuta neno jingine."

Wijdan alilitafuta. Alilitafuta darasani, akalitafuta njiani, akalala nalo. Hakulipata. Lakini siku ile alipoinua macho alimkuta Abu Rula anamtazama, naye hakuwa akitafuta neno lolote. Alikuwa ameelewa.

Kulikuwa na somo moja la mkahawani ambalo mwalimu alipenda kulirudia. Bwana Parker anauliza, "Ungependa kikombe cha kahawa?" na Bibi Parker anajibu, "Hapana, asante." Kila wakirudia, hapana, asante. Sijui mama yule aliumbwaje, hakupata kiu hata mara moja.

Kisha likaja somo la uwanja wa ndege.

"Ndege yako ni lini?" Abu Rula alisoma.

Kitabuni Bibi Parker anasema Jumanne. Wijdan akasema, "Jumamosi. Ndege yangu ni Jumamosi."

Abu Rula alishusha kitabu. Tamadhur akadhani amepoteza mstari, akaja kumwonyesha kwa kidole. Mzee wa watu hakuangalia kidole. Alikuwa amerudi nyuma, kwenye lile somo la vibao vya kukataza, usivute sigara, usiguse, usikanyage majani. Akachukua kutoka humo alichokitaka.

"Usiende," alisema.

"Mjomba," alisema Tamadhur, "hilo halimo kitabuni."

"Najua, mwanangu."

Darasa lote likageuza shingo. Wijdan alifunga zipu ya mkoba wake, akaifungua, akaifunga tena. Kesho yake mwokaji mikate akaja kwa Ghalib na salamu kwamba siku ya Alhamisi, Mungu akipenda, watu wa Abu Rula watapita kunywa kahawa.

Na hiyo ndiyo Alhamisi yenyewe.

*

Walifika baada ya sala ya alasiri, mvua nyembamba ikinyesha kwenye ngazi za mawe. Ghalib alichungulia dirishani.

"Gari moja," alisema. "Hata mbuzi wa mtu akifa watu huja na magari mawili."

Mbele alikuwa Abu Dirar, ami yake Nawaf, mzee sana, amejitanda joho la sufu na fimbo mkononi. Yeye ndiye mdomo wa posa. Nyuma yake mwokaji mikate, na mwalimu mmoja mstaafu aliyeletwa kwa ajili ya miwani yake. Mwisho kabisa Nawaf, katika koti ambalo bila shaka alilivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya Rula, mikono yake imesuguliwa hata harufu ya mafuta ya taa ikaipisha ya limau.

Wijdan alisimama nyuma ya pazia la ukumbini. Kutoka hapo sebule haikuonekana yote. Aliona pembe ya zulia, jiko la kuotea, na mikono miwili juu ya magoti. Akajua ni ya nani.

Ibtihaj akapeleka trei. Abu Dirar aliangalia ndani ya bilauri kama mtu anayechungulia kisima kilichokauka.

"Chai," alisema.

"Maramia, baba," alisema Ghalib. "Inasaidia kifua."

"Kifua changu hakina neno."

"Basi isaidie kisije kikapata neno."

Mzee alionja, uso ukamkunjamana kwa sukari. "Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, mdila wake wa kahawa haukuwahi kupoa. Sisi tulizipanda ngazi hizi kwa kufuata harufu ya iliki, hata gizani."

"Mambo yamebadilika. Daktari kanikataza kahawa. Presha."

"Kakukataza wewe. Mimi kanikataza nani?"

"Baba, hata kuinusa kwangu ni hatari," alisema Ghalib kwa huzuni tamu kabisa. "Utataka nife mbele ya wageni?"

Mwokaji mikate alikohoa. Wakazungumza mvua. Wakazungumza mizeituni, kwamba mwaka huu mafuta ni mepesi. Mwalimu mstaafu akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena. Kila mara Abu Dirar alipokohoa kutaka kuanza, macho yake yalishuka kwenye ile bilauri ya sukari, na maneno yakamfia. Chai haiombi kitu. Chai ni kuzungumza tu.

"Na wewe, Abu Rula," alisema Ghalib, "nasikia unasoma Kiingereza. Uzee na alifu-be-te?"

"Najifunza kuwasalimia wajukuu," alijibu Nawaf.

"Umefika wapi?"

"Nimefika kwenye salamu."

Wanaume wakacheka. Nyuma ya pazia Wijdan hakucheka. Aliiona ile mikono imeshikana, mmoja unaufariji mwingine, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa tatu wa kuifanya kazi hiyo. Chai ya pili ikaletwa. Abu Dirar akaanza kukusanya joho lake.

Wijdan akaingia jikoni. Alipanda kwenye kigoda, akauteremsha mdila wa mama yake kutoka rafu ya juu, akaupangusa vumbi kwa upindo wa gauni.

"Wifi," alisema Ibtihaj, "unafanya nini?"

"Napika kahawa."

"Kaka yako kasemaje?"

"Nimesikia alichosema."

"Atanimaliza mimi, si wewe. Wewe Jumamosi unaondoka, mimi nabaki naye."

"Ndiyo hivyo, wifi," alisema Wijdan, akiwasha moto. "Wewe unabaki naye. Unaye wa kubaki naye."

Ibtihaj alimtazama wifi yake, shingo ile nyembamba, kibanio kile kile cha nywele tangu yeye alipoolewa katika nyumba hii. Kisha akaenda kabatini. Wijdan akadhani anakwenda kumwita mumewe. Akarudi na chupa ya iliki.

"Ongeza," alisema. "Ukitia kidogo hivyo watadhani tumefilisika kweli."

Wijdan alimimina kahawa iliyokaangwa kwenye kinu cha mbao, akaanza kutwanga. Sasa kinu cha kahawa si kitu cha kufichwa. Katika mji ule mlio wake ni mwaliko. Jirani akiusikia huvaa viatu. Sebuleni maneno yakakatika. Abu Dirar akaliachia joho lake, akaketi vizuri, pua juu. Ghalib alikaa kama mtu anayesikiliza wezi darini na hawezi kuinuka, kwa sababu wageni wako mbele yake.

Wijdan aliingia mwenyewe. Mdila mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Wanaume wakashusha macho. Hakumtazama kaka yake. Alimwendea mzee kwanza, akammiminia kidogo, kama inavyotakiwa, akampa.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mzee Abu Dirar alikuwa amekunywa sukari saa nzima. Koo lake lilikuwa limefunga kama mtungi wa asali. Alikuwa amefundishwa maneno, ameyarudia njia nzima garini, tunaweka finjani hii chini, tunaweka finjani hii chini. Lakini iliki ilimpanda puani, ile ile ya ujana wake, ya nyumba ile ile, ya rafiki aliyekwisha kuzikwa. Mkono ukanyanyuka wenyewe. Akanywa. Akainywa yote, akafumba macho.

Mwokaji mikate naye akafumba yake, kwa sababu nyingine.

Mzee alipofungua macho aliangalia ndani ya finjani. Akaelewa. Uso wake ukazeeka zaidi, kama kwamba palikuwa na nafasi.

"Afya, baba," alisema Ghalib, na sasa sauti yake ilikuwa laini kama siagi. "Afya na raha. Mwongezee mzee, Wijdan, mwongezee."

Posa ilikwisha kabla haijaanza. Mdomo wa kuomba umekwisha kunywa, na aliyekunywa kahawa ya mtu hana tena cha kumdai. Wala mposaji hajiombei mwenyewe. Huko ni kupitisha bakuli. Mwokaji akapewa, akanywa kwa aibu. Mwalimu mstaafu akanywa, miwani ikaingia ukungu.

Ikabaki finjani ya Nawaf. Wijdan alimimina, mdila ukagonga ukingo wa finjani, tone likaanguka kwenye zulia. Nawaf akapokea kwa mkono wa kulia. Akainua macho.

Kwa mara ya kwanza walitazamana bila Bwana na Bibi Parker katikati yao. Yalikuwa macho ya kahawia, yamechoka, ya mtu anayekula akiwa amesimama kwa sababu hakuna wa kukaa naye. Hayakumwomba kitu. Yalimuaga, na hilo ndilo lililomuuma.

Nawaf aliinama, akaiweka finjani juu ya meza ndogo ya pembeni. Haijaonjwa. Aliiweka polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Wenzake waliposimama naye akasimama, akaweka mkono kifuani, akatoka.

*

"Mwaga hiyo," alisema Ghalib mlango ulipofungwa.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema mwaga hiyo kahawa."

"Imwage mwenyewe," alisema Ibtihaj. "Mimi simwagi ombi la mgeni."

"Ombi gani? Nani kaomba? Wewe umesikia mtu kaomba?"

"Finjani imeomba. Kama haikuomba, basi chukua, peleka kwenye sinki. Una mabinti wawili humu ndani, wanakua. Imwage tu, Abu Sakhr."

Ghalib akaichukua. Akaenda nayo hatua chache kuelekea jikoni. Akasimama. Kila mtu mjini alijua yanayosemwa juu ya nyumba inayomwaga kahawa ya mposaji bila kumjibu: kwamba wasichana wa nyumba hiyo watakaa wakisubiri mpaka nywele ziote mvi. Akageuka, akairudisha juu ya meza, akaifunika kwa kisahani.

"Isiingie vumbi," alisema, akatoka kwenda msikitini, ingawa adhana ilikuwa bado.

Ijumaa nyumba ilijaa. Shangazi walikuja, na majirani, na watoto wao, kila mmoja na jambo lake juu ya Marekani: kwamba kuna baridi, kwamba kuku wao hawana ladha, kwamba usimfungulie mtu mlango. Walimbusu, walilia kidogo, wakala. Waliongea juu yake na mbele yake na kupita kichwa chake. Siku nzima Wijdan aliulizwa swali moja tu: kama ameweka viungo vya zaatari kwenye sanduku.

Ilipofika saa ile ya baada ya chakula, aliingia sebuleni, akafunga mlango. Alijua kwamba saa hiyo, chini ya ngazi, simu ya Abu Rula inalia. Habari, nzuri. Halafu ule ukimya. Mtoto anapumua upande ule wa dunia, babu anapumua upande huu, mpaka mtoto anachoka, anakwenda kucheza. Alikaa akaitazama finjani chini ya kisahani chake. Yeye na finjani, vitu viwili vilivyofunikwa, vinangoja mtu aseme. Nje ya mlango watu walikuwa wanacheka, na hakuna aliyegundua kwamba msafiri hayupo.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala bondeni. Ghalib alikuwa amekwisha kuwasha gari. Alirudi kuchukua sanduku.

"Wijdan, twende. Njia ya uwanjani haionekani."

"Nakuja, kaka."

Alikuwa amevaa koti, mtandio umefungwa vizuri. Aliingia sebuleni. Akakaa kwenye kiti alichokalia Nawaf, akaondoa kisahani. Kahawa ilikuwa nyeusi, imefanya utando juu, baridi kama jiwe la ngazi. Akaishika kwa mkono wa kulia. Akanywa. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni, machozi yakamtoka, naye hakuacha hata mashapo.

Alipoishusha, Ghalib alikuwa mlangoni na sanduku mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimekunywa, kaka."

"Hiyo haikuwa yako. Mimi ndiye wa kusema kunyweni. Mimi."

"Tangu nizaliwe mnaninywea," alisema Wijdan. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, ya kusuuza bilauri. "Baba alininywea, ukaninywea wewe, Mazin kaninywea kwa simu. Hii aliniwekea mimi. Imekaa humu siku zote hizi, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuimwaga wala kuijibu. Nimeijibu."

Ghalib aliiangalia finjani. Ilikuwa tupu ndani ya nyumba yake, juu ya meza ya baba yake, na kwa desturi yake mwenyewe aliyokuwa akiikwepa kwa chai, maana yake ilikuwa moja: posa imekubaliwa. Alitua sanduku chini. Akalikalia, na harufu ya zaatari ikatoka humo.

"Baba angekuwa hai," alianza.

"Baba angekuwa hai, kahawa ingepikwa tangu Alhamisi."

"Mazin nitamwambia nini?"

"Mwambie kwa Kiingereza. Sema, samahani, hayupo nyumbani, ungependa kuacha ujumbe? Ni somo la simu, kaka. Si gumu."

Nyuma ya pazia Ibtihaj alicheka kwa pua, akakimeza kicheko haraka. Ghalib hakugeuka. Aliendelea kukaa juu ya sanduku, gari linanguruma nje peke yake.

Wijdan alishuka ngazi na finjani mkononi. Hakuwa na furaha ile wanayoisimulia watu. Alikuwa na woga, na ule uchungu mdomoni, na ukungu uliomfanya asione hatua ya mbele. Hapakuwa na shangazi nyuma yake wala kigelegele. Hakuna mwanamke wa ukoo wao aliyewahi kuteremka ngazi zile kwa shughuli kama hiyo, naye alizishuka peke yake kama alivyozoea kufanya mambo yote.

Mlango wa duka la fundi ulikuwa nusu wazi. Akausukuma mpaka mwisho, anayetaka kuona aone. Ndani majiko yalikuwa yamepangwa ukutani, yote yamezimwa isipokuwa moja, na juu yake birika dogo la mtu mmoja. Sahani moja. Kiti kimoja. Nawaf alikuwa amepiga magoti anabadilisha utambi wa jiko, amemwinamia mteja wake wa chuma.

Hakumsikia. Kilichomfikia kwanza machoni ni viatu. Viatu vile alivijua. Alivisalimia majira yote ya baridi. Akaganda. Kisha akainua kichwa taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba juu ya viatu hatakuta mtu.

Wijdan akamnyooshea finjani. Nawaf aliipokea kwa vidole vyeusi, akaigeuza juu chini. Haikutoka hata tone. Alitaka kusema, Kiarabu chote cha miaka yake kikamkimbia. Kikabaki kile kidogo cha benchi la nyuma.

"Ungependa," alisema kwa Kiingereza, akameza mate, "ungependa kikombe cha kahawa?"

"Ndiyo, tafadhali," alisema Wijdan kwa Kiingereza hicho hicho.

Nawaf alipangusa macho kwa mkono wa koti la kazi, akajipaka masizi shavu zima.

"Bibi Parker hasemi hivyo," alisema. "Hilo halimo kitabuni."

"Najua," alisema Wijdan, sasa kwa Kiarabu, akatazama huku na huku apate pa kukaa.

Kiti kilikuwa kimoja tu. Nawaf akamsogezea. Kisha akachukua debe tupu la mafuta ya taa, akalipindua, akalipangusa kwa lile koti la harusi lililotundikwa ukutani, akaliweka upande wa pili wa jiko.